Ripoti Yako ya Mikopo na Mipaka ya Wanaodai Madeni

Wakenya wengi huamini kwamba jina likishaingia CRB, yaani shirika la kumbukumbu za mikopo, mwenyewe amekwisha kuharibikiwa. Imani hiyo inawaumiza watu bure. Mashirika haya, ambayo hupewa leseni na Benki Kuu ya Kenya, hupokea taarifa za wanaolipa kwa wakati na za waliochelewa pia. Kwa hivyo jina kuwamo humo ni jambo la kawaida, na la kuuliza ni iwapo yaliyoandikwa chini yake ni kweli.

Kanuni za mwaka 2020 zinakuruhusu kupata ripoti yako bila malipo mara moja kwa mwaka. Ichukue hata kama huna haja ya mkopo kwa sasa. Isome mstari kwa mstari: jina la mkopeshaji, tarehe, salio, na siku ambazo malipo yamechelewa. Aliyekwisha kulipa mkopo wa simu anaweza kukuta salio bado linasomeka, au akakuta akaunti asiyoijua, iliyofunguliwa kwa namba yake ya kitambulisho. Deni lisilofika shilingi 1,000 halipaswi kukufanya uorodheshwe kama mdaiwa sugu, na mkopeshaji anatakiwa kukupa ilani ya siku 30 kabla ya kupeleka taarifa mbaya kukuhusu. Ukiona kosa, liandikie shirika husika barua ya kupinga, uambatishe ujumbe wa malipo.

Kulipa deni hakufuti historia yake papo hapo. Taarifa ya kuchelewa inaweza kubaki miaka 5, lakini ni lazima ionyeshe kwamba deni limelipwa. Anayekuahidi kulisafisha jina lako kwa ada kupitia mlango wa nyuma ni tapeli, na usimpe hata namba yako ya kitambulisho.

Kuhusu ukusanyaji wa madeni, msimamo wangu ni kwamba kudaiwa hakumwondolei mtu heshima yake, na sheria inasema hivyo. Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za mwaka 2022 zinakataza vitisho, matusi, kumtangaza mdaiwa hadharani ili aaibike, na kuchukua namba zilizomo katika simu yake ili kuwapigia jamaa, marafiki au mwajiri wake. Shemeji yako ambaye hakudhamini mkopo huo hahusiki nao hata kidogo. Vilevile, mkusanyaji wa madeni si polisi, wala hawezi kuja kubeba televisheni ambayo hukuiweka rehani bila amri ya mahakama.

Kiasi unachodaiwa nacho kina kikomo. Kwa mikopo ya benki, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka mpaka huu: ikiwa ulibaki na deni la msingi, yaani bila riba, la shilingi 10,000 mkopo ulipohesabiwa kuwa umekwama, riba itakayodaiwa baada ya hapo haiwezi kuzidi shilingi 10,000, ingawa gharama halali za kudai huongezwa. Omba hesabu hiyo kwa maandishi kabla ya kukubaliana na mpango wowote wa malipo.

Anayesumbuliwa ahifadhi picha za ujumbe, namba zilizompigia na saa zake. Malalamiko kuhusu mkopeshaji mwenye leseni hupelekwa kwanza kwa mkopeshaji mwenyewe, kisha Benki Kuu. Ya matumizi mabaya ya taarifa binafsi hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaka ikamilishe uchunguzi ndani ya siku 90.