Mita 60 za ziwani: hati haikupi maji

Ukizunguka Mwanza, Musoma au Bukoba utasikia kauli hii: "Kiwanja changu kinaishia majini, nina hati, nitajenga nitakapo." Imerudiwa tangu zamani hadi inaonekana kama sheria. Si sheria.

Kwanza, ardhi yote Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Hati inakupa haki ya kuitumia kwa masharti. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa la asili, bahari, kingo za mto au bwawa. Nyumba ya matofali ni shughuli ya kudumu, hata ikiwa ndani ya uzio wako. (Kuteremka kuosha miguu hakukatazwi, kwa anayeuliza.)

Kwa nini mita zote hizo? Matete na mafunjo ya ufukweni huchuja tope na uchafu wa nchi kavu, na samaki wengi hutagia humo. Isitoshe, ziwa lenyewe halitulii. Kati ya 1961 na 1964 kina cha Victoria kilipanda zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 kikapanda tena mpaka nyumba na mialo ikazama.

Ng'ambo, Uganda imeweka mita 200 kwa Victoria. Ukinunua kiwanja cha ufukweni, basi, pima kwanza futi kwa futi kabla ya kulipa.