Tazama mdomo kwanza: kutambua bunduki za kale za shabaha

Anayeniletea picha ya bunduki ya kale karibu kila mara huwa ameipiga ubavuni, kitako kinang'aa na jina la fundi linasomeka. Ni picha nzuri ya kutundika sebuleni. Mimi huomba nyingine, ya mdomo wa mtutu, iliyopigwa kwa karibu baada ya kuhakikisha kwamba hakuna kitu ndani. Namna ya kuhakikisha nitaieleza mbele.

Gobore wengi tunalijua. Baruti humiminwa mdomoni, hushindiliwa kwa mdeki, hufuata risasi au vipande vya chuma, kisha fataki huvishwa juu ya chuchu, kile kijibomba kidogo kilicho nyuma ya mtutu. Bunduki za shabaha za Marekani za karne ya 19, hasa zile za New York, Vermont na Massachusetts, hushindiliwa vivyo hivyo. Tofauti iko ndani. Gobore lina mtutu laini kama bomba la maji. Bunduki ya shabaha imechongwa mifereji inayojisokota, risasi itoke ikizunguka kama pia. Nyingine zina msokoto wa polepole mwanzoni, unaozidi kukaza kadiri unavyokaribia mdomo.

Mdomoni ndipo bunduki inapoigusa risasi kwa mara ya mwisho. Ukingo ukilika upande mmoja, hata kidogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, gesi huwahi kutokea upande huo na kuisukuma risasi kombo. Na ni hapo hapo mdeki hupita kila unaposhindilia. Yaani kila risasi unayoitia inaharibu kidogo ile itakayofuata.

Tatizo hilo lilimkera Alvan Clark wa Massachusetts, mchoraji wa sura za watu aliyependa kulenga shabaha. Mwaka 1840 alipata hataza ya kifaa ambacho wakusanyaji leo hukitafuta kuliko kitu kingine chochote: mdomo wa bandia. Fundi alitoboa matundu madogo kwenye uso wa mtutu, mara nyingi manne, akakata kipande kifupi cha mwisho, akakirudishia kwa vijiti vya chuma vilivyoingia kwenye matundu yale, ndipo akachonga mifereji kupitia vyote viwili kwa pamoja. Matundu hayakupangwa sawasawa, ili kipande kikae kwa namna moja tu. Wakati wa kushindilia, kipande ndicho kinachosuguliwa. Kabla ya kufyatua, kinaondolewa, na mdomo halisi unabaki mzima.

Ukisahau kukiondoa, kinaruka na risasi. Kwa hiyo mafundi wengi walikiwekea kigingi kinachosimama juu na kuziba njia ya jicho, usiweze kulenga mpaka umekitoa. Hakuna sehemu ya bunduki hizi ninayoipenda kuliko kigingi hicho. Ni fundi anayemjua binadamu.

(Clark huyo huyo baadaye aliacha brashi akawa msaga lenzi za darubini. Mwaka 1862 mwanawe, Alvan Graham Clark, alikuwa akijaribu mojawapo ya lenzi zao alipoiona nyota ndogo inayoandamana na Sirius, ambayo hakuna jicho lililokuwa limeiona kabla yake.)

Kwa hiyo tafuta matundu usoni pa mtutu. Tazama pia kama mtutu wa pembe nane umechongwa duara kwenye ncha yake, mahali pa kuvishia kifaa cha kusukumia risasi. Ukiyaona hayo, unayo bunduki ya shabaha. Ukiyaona na mdomo wa bandia haupo, unayo nusu yake. Kuchonga mwingine haiwezekani kwa maana halisi, kwa sababu kile kipande na mtutu vilichongwa kwa pigo moja. Muuzaji akikwambia "utapatikana", mshukuru uondoke.

Kitu cha pili ni kasha. Bunduki hizi ziliuzwa pamoja na kalibu ya kusubia risasi, chombo cha kuikandamiza risasi ipate umbo kamili, kikatio cha viraka vya karatasi au kitani vya kuizungushia risasi, na mdeki wake. Vyote vilitengenezwa kwa mtutu mmoja, na vya bunduki nyingine havikai. Kasha lililochakaa lenye kila kitu ninalithamini kuliko bunduki inayong'aa iliyo peke yake.

Jina ni la tatu, nalo hupotosha. Bunduki moja inaweza kuwa na majina matatu. Remington wa Ilion aliwauzia mafundi wengi mitutu, na jina lake linaweza kuwa limegongwa chini, mahali ubao unapolificha. Bamba la kufuli, yaani mtambo wa kufyatulia, likisema Joseph Golcher, huyo ni mtu wa kufuli tu. Jina la fundi aliyeiunda bunduki kwa kawaida liko juu ya mtutu: Morgan James wa Utica, William Billinghurst wa Rochester, Nelson Lewis wa Troy, Norman Brockway wa Bellows Falls. Ukilipata mojawapo, rudi mdomoni uone kama linastahili.

Uzito nao unasema. Nyingine hupita ratili 30, kwa kuwa zilifyatuliwa zikiwa zimelazwa juu ya benchi, mara nyingi kwa umbali wa yadi 220. Waamuzi walipima umbali wa kila tundu kutoka kitovu cha shabaha, wakajumlisha za risasi 10, na mwenye jumla fupi alishinda. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, baadhi ya wanaume wa kikosi cha walenga shabaha cha Hiram Berdan walikuja na bunduki zao za mashindano, vyuma vizito vilivyochosha kuvibeba.

Mdomo ukiwa na tundu la pembe sita, umevuka bahari: huenda ni kazi ya Joseph Whitworth wa Manchester. Malkia Victoria alifungua mashindano ya kulenga shabaha ya Wimbledon, Uingereza, mwaka 1860 kwa kuifyatua moja iliyokuwa imefungwa kwenye kishikizo. Miaka 14 baadaye, huko Creedmoor karibu na New York, Waayalandi walikuja na bunduki za Rigby za kushindilia mdomoni, Wamarekani na zile za kujazia nyuma. Matokeo yalikuwa 934 kwa 931, Wamarekani wakaongoza, na mmoja wa Waayalandi alikuwa amepiga shabaha isiyo yake.

Wapo wanaoniambia kuwa bunduki ya babu ni ya aina hii, kwa kuwa wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walitia nanga Zanzibar. Ni kweli walikuja, wakaleta merikani, bunduki na baruti. Lakini bunduki za biashara zilikuwa na mitutu laini. Hilo ni gobore, na lina historia yake. Hapa Tanzania lina sheria yake pia: linahitaji leseni, hata likiwa halijafyatuliwa tangu enzi za Wajerumani.

Usilisugue kwa msasa. Rangi ya kahawia ya zamani ikishaondoka hairudi. Kitambaa kikavu na nta nyembamba vinatosha.

Kabla ya yote, liwe gobore au bunduki ya shabaha, litegemeze, mdomo ukielekea mahali pasipo na mtu. Ingiza mdeki taratibu mpaka ugote, ukisimama pembeni, uutie alama ya chaki ulipofikia mdomo. Utoe, uulaze nje kando ya mtutu, alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha inapaswa kufika karibu na chuchu. Ikiishia vidole viwili au vitatu kabla, kuna kitu kimelala mle, pengine tangu kabla hujazaliwa, na baruti kavu haizeeki. Usichokonoe, usilipashe moto, usimpe kijana wa gereji. Liache lilipo, ondoa watoto chumbani, uwaite polisi.