Kumaliza maabara sio kumaliza tasnifu: wanafunzi wa masta wa sayansi ya nyenzo tuelewane

Kila msimu wa kukusanya tasnifu ofisi yetu ya shahada za juu inapokea malalamiko yaleyale, na safari hii yamezidi. "Mmenirudishia kazi, mnanichelewesha kuhitimu, msimamizi wangu ameshasaini nyie mnataka nini tena." Tunajua wengi wenu mmefanya kazi ya kweli na hakuna anayewaona wavivu, ila saini ya msimamizi maana yake ni kwamba kazi iko tayari kwenda kwa watahini, basi, haisemi kwamba umefaulu. Hili tumelieleza sana jamani.

Sasa nyie wa sayansi ya nyenzo mna shida ya kipekee kwa sababu kazi yenu inakaa kwenye idara mbili tatu kwa mpigo. Mtu ametengeneza kipande cha kuziba pengo la mfupa kwa haidroksiapataiti (madini yaleyale yaliyomo kwenye mfupa) na polima, msimamizi mmoja mkemia, mwingine mhandisi, afu anashangaa mtahini wa biolojia anauliza seli za kulinganishia ziko wapi. Ataacha kuuliza? Mkemia atataka kujua usafi wa unga wako, mhandisi atataka nguvu ya mgandamizo, na huyo wa biolojia atataka kuona seli zilizokuzwa bila nyenzo yako. Dhana ya kwamba "mimi sio mtu wa fani hiyo watanisamehe" haipo. Kama hujafanya jaribio fulani andika wazi kwenye mipaka ya utafiti kwamba hujafanya na kwa nini, usije ukaandika kwenye hitimisho kwamba nyenzo inafaa kwa tiba wakati ulichopima ni ugumu tu.

Hapohapo kwenye mambo ya tiba kuna kibali cha maadili. Kama umetumia damu, meno yaliyong'olewa, seli za wagonjwa, hata hojaji ulizogawa kwa watu, kibali kinatoka KABLA ya kukusanya, na tarehe ya kibali tunailinganisha na tarehe ya sampuli ya kwanza kwenye daftari lako la maabara. Hakirudishwi nyuma. Sio kwamba kamati ina roho mbaya, ni kwamba kazi yake ni kuwalinda watu kabla hawajaguswa, sasa wakishaguswa inamlinda nani? Data zilizokusanywa bila kibali kwa kawaida zinaondolewa kwenye tasnifu, na kama ndio sura nzima ya 4 basi sura nzima inaondoka, na suala linaweza kupelekwa kwenye nidhamu. Chuo na chuo kina kanuni zake, soma za kwako, usisome za rafiki yako.

Nije kwenye data ghafi maana hapa ndo pagumu. Mtahini ana haki ya kuomba faili la asili lililotoka kwenye mashine, sio picha ya grafu, sio jedwali ulilolisafisha. Tunasikia "kompyuta iliharibika", "flashi ilipotea". Wanaojua historia ya fani hii wanamkumbuka mwanafizikia Jan Hendrik Schön wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, alikuwa nyota kabisa, makala zake zinatoka kwenye majarida makubwa ya Nature na Science, mpaka watu wakagundua kelele ileile ya mashine, yaani ile mitetemo midogo ya bahati nasibu kwenye vipimo, inajirudia kwenye grafu za majaribio tofauti. Kamati ya uchunguzi ilitoa ripoti mwaka 2002, katika tuhuma 24 ikathibitisha 16. Maelezo yake kuhusu data ghafi ni kwamba alizifuta kwa kukosa nafasi kwenye kompyuta, na daftari la maabara la maana hakuwa nalo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Konstanz kikamvua shahada ya udaktari, kwa mambo aliyoyafanya baada ya kuhitimu. Kwa hiyo anayedhani akishavaa joho yamekwisha, hayajaisha.

Kila sampuli iwe na jina moja tu kuanzia daftari, faili la mashine, mpaka kwenye grafu. Ukiiita S3 kwenye daftari, "mpya2" kwenye kompyuta na "kompoziti B" kwenye tasnifu, utajibuje ukiulizwa ilichomwa kwa nyuzi ngapi?

Makosa ya kisayansi sio kazi ya ofisi yangu, hayo ni ya watahini, lakini kwa vile maoni yao yote yanapita kwetu naona yanavojirudia. La kwanza ni kanuni ya Scherrer kwenye XRD (kipimo cha mionzi ya eksirei), inayokadiria ukubwa wa fuwele kutokana na upana wa vilele vya grafu. Upana wa kilele unaingizwa kwa radiani, watu wanaingiza kwa digrii, jibu linatoka dogo mara 57 hivi afu mtu anatangaza kwa furaha kwamba ana chembe za nanomita moja isiyofika. Tena hujaondoa upana unaoletwa na mashine yenyewe. Na hata ukipatia, unachopata ni ukubwa wa fuwele, sio wa chembe unayoiona kwenye hadubini ya elektroni, chembe moja inaweza kubeba fuwele nyingi, kwa hiyo namba hizo mbili zisipolingana sio ajabu, ajabu ni kuzilazimisha zilingane.

La pili ni kupima kipande kimoja mara tano ukaita ni marudio. Hapo umejua kama kipande hicho kina usawa ndani yake. Kujua kama njia yako inarudiwa unatengeneza vipande vingine upya, toka mwanzo. Na wa zege wenye majivu kwenye mchanganyiko, mnajua kabisa nguvu inapimwa siku ya 28 na majivu mengi yanafanya kazi polepole hivo mtahini atauliza za siku 90, sasa mnakuja kumwaga zege mwezi mmoja kabla ya tarehe ya mwisho mnaomba ofisi iwaongezee muda. Muda tunaongeza kwa barua yenye sababu, iliyosainiwa na wasimamizi wote, kabla tarehe haijapita. Ikishapita ombi linakuwa la kujisajili upya, ada inadaiwa, na hapo hatuna namna.

Kuhusu asilimia ya kufanana, ile inayotolewa na programu ya kulinganisha tasnifu yako na maandishi mengine, hamna asilimia ya uhalali. Maelezo ya mbinu yatafanana kiasi na hilo tunalielewa, ila aya moja iliyonakiliwa bila kutaja chanzo ni wizi wa kitaaluma hata ripoti ikisoma asilimia 4. Programu za akili bandia ukizitumia sema umezitumia wapi, kwa kiasi ambacho kanuni zako zinaruhusu. Picha ya hadubini usiitengeneze nazo, hiyo ni kughushi data moja kwa moja.

La mwisho linawapita wengi kabisa. Tasnifu ikishawekwa wazi kwenye hifadhi ya maktaba imechapishwa. Kama mchanganyiko wako au njia yako ya kuuchoma inaweza kuombewa hataza (haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi), nchi nyingi zinadai ugunduzi uwe haujatangazwa popote kabla ya ombi, na kwa Ulaya hata wewe mwenyewe ukiutangaza unahesabika umetangazwa, ilhali Marekani inampa mgunduzi mwaka mmoja. Utetezi wa wazi mbele ya watu nao unaweza kuhesabika. Kwa hiyo ombi la kuzuia tasnifu isionekane kwa muda linajazwa kabla ya utetezi, linasainiwa na wasimamizi na ofisi ya ubunifu, na kama kampuni ndo imelipia vipimo vyako mkataba wake unaambatanishwa. Ukishapakia faili ndo ukaja ofisini kuomba tulitoe, kulitoa tunaweza, ila tarehe ya kuchapishwa inabaki ileile.