Sindano si lazima iwe na nguvu kuliko vidonge

Wagonjwa wengi huamini kwamba ugonjwa mzito hutaka sindano, na kwamba aliyepewa vidonge hakutibiwa ipasavyo. Ushahidi hauiungi mkono imani hiyo. Dawa hufanya kazi ikifika mahali penye ugonjwa kwa kiwango cha kutosha, na vidonge vingi hukifikia kiwango hicho kupitia utumbo.

Tazama kifua kikuu sugu, yaani kisichosikia dawa za kawaida. Kwa miaka mingi wagonjwa walidungwa dawa iitwayo kanamaisini kwa miezi kadhaa, na baadhi yao wakapoteza kabisa uwezo wa kusikia. Inasikitisha, maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza: waliotibiwa nayo walikuwa na matokeo mabaya zaidi kuliko wasiopewa. Sasa tiba inayopewa kipaumbele ni ya vidonge pekee.

Sindano ina nafasi yake. Mwenye malaria kali, aliyepoteza fahamu au asiyeweza kumeza, hudungwa artesuneti kwa angalau saa 24. Akishaweza kumeza, humalizia dozi kamili ya dawa mseto ya siku 3. Hapo ndipo wengi huacha, wakidhani sindano imetosha, ilhali vidonge hivyo ndivyo humaliza vimelea vilivyosalia.