Gh ya Kiingereza: dhana potofu na ukweli wake

Gh ya Kiswahili haisumbui. Ghali, ghafla, lugha, magharibi: popote uionapo, sauti ni ileile, nasi tuliipata kwa Waarabu. Ya Kiingereza ni jamaa mwingine kabisa aliyevaa kanzu ileile, ndiyo maana watu wamemzushia mengi.

Dhana: Gh ya Kiingereza haina kanuni, ni kukariri tu

Ukweli: tazama imekaa wapi. Mwanzoni mwa neno ni g tupu, kama katika *ghost*, mzuka, *ghee*, samli, na *gherkin*, tango dogo la achari. Ikitangulia t huwa kimya: *night*, *eight*, *daughter*, *weight*. Wakaidi wa kukumbuka hapo ni *laughter*, kicheko, na *draught*, upepo unaopenya ndani ya nyumba. Hao husomwa kwa f.

Mwishoni mwa neno inanyamaza au inakuwa f. Za f zinazotumika kila siku ni sita tu: *laugh*, cheka, *cough*, kohoa, *rough*, enye kukwaruza, *tough*, gumu, *enough*, ya kutosha, na *trough*, hori la kulishia mifugo. Shika hizo sita, kisha zinazobaki zisome kimya: *high*, *sigh*, *weigh*, *though*, *dough*, *plough*.

Usihesabu *foghorn*, honi ya kuonya meli kwenye ukungu. Pale g imemaliza neno moja na h imeanza lingine, kwa hiyo zote mbili zinatamkwa.

Dhana: Herufi zisizotamkwa ziliwekwa bila sababu

Gh ya *night* ilitamkwa kwa karne nyingi. Kiingereza cha kale kiliandika *niht*, na h ile ilikwaruza kooni kama kh ya mtu wa pwani anaposema Khamis au kheri. Baadaye waandishi wakaanza kuiandika gh. Kisha sauti ikafifia vinywani huku maandishi yakibaki, na katika maneno machache ikageuka f. Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiingereza, bado wanaikwaruza: *Nacht* ni usiku, *acht* ni nane, *Licht* ni mwanga, *Tochter* ni binti. Ziweke kando ya *night*, *eight*, *light* na *daughter*, utaona gh imekaa palepale inapokwaruza ch yao. Anayejua Kijerumani kidogo hakosei tahajia hizi.

Lakini si kila gh ina ukoo huo. *Delight*, furaha kubwa, lilitoka Kifaransa bila gh yoyote. Lilivishwa ili lifanane na *light*. *Ghost* nalo liliandikwa *gast* hapo kale. William Caxton, aliyefungua kiwanda cha kwanza cha uchapaji Uingereza mwaka 1476, alikuwa ameishi miaka mingi Bruges, mji ulio Ubelgiji ya leo, ambako neno kama hilo liliandikwa kwa gh, na tahajia ile ikaingia vitabuni. Hata *goose*, bata bukini, liliwahi kupachikwa h hiyo. Bata akaivua, mzuka akabaki nayo.

Dhana: Neno «ghoti» linaweza kusomwa «fish», na Bernard Shaw ndiye aliyelibuni

Mzaha wenyewe unakwenda hivi: chukua gh ya *enough*, o ya *women* na ti ya *nation*, upate samaki. Shaw, mwandishi wa tamthilia kutoka Ireland, alizaliwa mwaka 1856, na mzaha huu umo katika barua ya mwaka 1855. Tena hausimami. Gh haiwi f mwanzoni mwa neno, ti haiwi sh mwishoni, na o inayosomwa i ni ya *women* peke yake. Mwingereza akiliona *ghoti* kwa mara ya kwanza atasema «goti», sawasawa na sisi.

Dhana: Ough inasomwa namna nyingi mno, kwa hiyo haisaidii kujifunza kwa makundi

Kundi kubwa ni la -ought, nalo ni tulivu. *Bought*, *brought*, *fought*, *sought*, *thought*, *ought*, *nought* na *wrought* zote huishia kwa sauti moja, kama «oot». Mwasi ni *drought*, ukame, ambalo husomwa «draut».

Wengi huchanganya *bought*, alinunua, na *brought*, aliletea au alileta. Rudi kwenye kitenzi cha asili: *bring* kina r, basi *brought* lina r, *buy* hakina, basi *bought* halina. Mbinu hiyohiyo inakuamulia kati ya -ought na -aught. *Catch* na *teach* zina a, nazo huzaa *caught* na *taught*. *Buy*, *bring*, *fight*, *seek* na *think* hazina a, na zote huenda kwenye -ought.

Balaa iko kwenye familia ya *though*, ingawa, kwa sababu neno moja huzaa jingine kwa herufi moja. Ondoa h ya kwanza, unapata *tough*. Ongeza t mwishoni, unapata *thought*, wazo. Chomeka r baada ya th, unapata *through*, kupitia. Chomeka o kati ya h na r ya hilo la mwisho, unapata *thorough*, enye kina, isiyoacha kitu. *Throught* halipo katika Kiingereza, ingawa linaandikwa kila siku.

Hapa msemaji wa Kiswahili ana silaha ambayo wengi hawana: tunatofautisha th na dh kwa maandishi. *Though* huanza kwa dh ya dhahabu: «dhoo». *Through*, *thought* na *thorough* huanza kwa th ya thelathini: «thruu», «thoot», «thara». Ukiyaandika hivyo pembeni ya daftari kwa wiki moja, hutayachanganya tena kwa sauti.

Dhana: Kompyuta itanisahihishia

Programu ya kukagua tahajia hutafuta neno lisilokuwepo. Ukiandika *tough* ulipotaka *though*, umeandika neno halali, na huenda mstari mwekundu usitokee. *Throught* programu itaishika. Kwa hiyo, ukimaliza barua ya kazi, tafuta «ough» kwenye waraka mzima na usome kila sentensi inayotokea.

Dhana: Wamarekani wamekwisha kuzifuta

Wamepunguza machache. Wanaandika *plow* na *draft*, lakini *night*, *through*, *enough* na *daughter* ziko vilevile kwao. *Thru* ni ya mabango ya barabarani na ya migahawa ya kuhudumia watu garini. Kwenye insha ni kosa. Mtihani unaofuata tahajia ya Uingereza unataka *plough* na *draught*.

Ukisahau namna ya kuyatamka hayo mawili, Kiswahili kimekutunzia. Waliokopa kwa sikio waliandika walichosikia: jembe la kukokotwa na ng'ombe wakaliita plau, na mchezo wa vizibo vya soda pale barazani, ambao Waingereza huuita *draughts*, wakauita drafti.