Eti Ambedkar aliandika katiba ya India peke yake?

Ukitaja jina la B. R. Ambedkar, yule mwanasheria na mwanasiasa wa India, wa kwanza kudakia atakwambia huyo ndo aliyeandika katiba ya India, basi, habari imeisha. Sio uongo mtupu ila imekatwa sana, na kuna mengine yanazungushwa juu ya huyu mzee ambayo hayana kichwa wala miguu.

Tuanze na hiyo ya kuandika peke yake. Kamati ya rasimu iliundwa 29 Agosti 1947, watu 7, yeye mwenyekiti, na hawakuanza na karatasi tupu maana mshauri wa katiba B. N. Rau alishaandaa rasimu ya awali. Ambedkar mwenyewe alilisema hili 25 Novemba 1949 mbele ya Bunge la Katiba, kwamba sifa anazomwagiwa sio zake zote, akamtaja Rau, akamtaja na S. N. Mukherjee aliyekuwa mwandishi mkuu wa rasimu. Sasa wapo wanaolidaka hilo wanakimbilia upande wa pili, eti jamaa alikuwa mwenyekiti jina. Hapo nakataa kabisa. T. T. Krishnamachari, mjumbe wa kamati hiyohiyo, alisimama Novemba 1948 akaeleza kwamba mmoja kajiuzulu, mwingine kafariki, mwingine yuko Marekani, mwingine kabanwa na mambo ya serikali, mwisho wa siku mzigo ukamwangukia Ambedkar. Na kuandika ndo ilikuwa sehemu nyepesi, kazi ilikuwa kusimama kutetea kifungu kimoja baada ya kingine, hili badiliko tunalipokea, lile hapana na sababu ni hizi, mpaka ikapitishwa 26 Novemba 1949. (Ile nakala yenye mwandiko mzuri wa mkono mnayoiona kwenye picha, aliyeshika kalamu ni Prem Behari Narain Raizada.)

Nyingine inayowasha moto kila mara: "Ambedkar alisema nafasi maalum za Wadalit (watu wa matabaka ya chini kabisa ya Wahindu) ziwe za miaka 10 tu, wanasiasa ndo wameng'ang'ania." Someni kifungu cha 334 cha katiba jamani. Ile miaka 10 ilihusu viti vya bunge na mabaraza ya majimbo, na imekuwa ikiongezwa na bunge lenyewe. Ajira serikalini ziko kifungu cha 16, na hakina ukomo wa miaka.

Halafu eti alipigania watu wake tu. Kweli alizaliwa Mahar mwaka 1891, jamii iliyohesabiwa kuwa haiguswi, na Machi 1927 kule Mahad aliongoza watu kunywa maji ya bwawa la Chavdar walilokuwa wanafukuzwa. Lakini huyuhuyu ni mchumi mwenye udaktari wa London na wa Columbia, na mwaka 1946, akisimamia mambo ya kazi kwenye baraza la Gavana Mkuu wa Waingereza, ndo alipeleka mswada wa kushusha saa za viwandani kutoka 54 hadi 48 kwa wiki, saa ambazo hazikuuliza mfanyakazi kazaliwa tabaka gani. Mwaka 1951 akaacha uwaziri wa sheria, sababu kubwa ikiwa mswada wa sheria za Wahindu uliokwamishwa, ambao ungewapa wanawake haki ya kurithi na ya kudai talaka. Hii naona haisemwi vya kutosha.

Kuhusu kuingia Ubudha, wanaosema zilikuwa hasira za uzeeni hawajahesabu. Alitangaza mjini Yeola mwaka 1935 kwamba kazaliwa Mhindu ila hatakufa Mhindu, akabadili dini Nagpur 14 Oktoba 1956 pamoja na malaki ya watu. Miaka 21 hiyo, anasoma na kupima.

Na msidhani wapiga kura walimbeba. Mwaka 1952 aliangushwa Bombay, 1954 akagombea tena Bhandara akaangushwa, bungeni akabaki kupitia Rajya Sabha, lile baraza la juu la bunge, ambako wapiga kura ni wabunge wa majimbo. Nishani ya Bharat Ratna yenyewe, ile ya juu kabisa ya kiraia India, alipewa 1990, zaidi ya miaka 33 baada ya kufariki.