Oksijeni mbili ndani ya kidonge cha mseto

Tukienda kutoa elimu vijijini, swali hili halikosi: "Kama dawa ya malaria imetoka kwenye majani, kwa nini nisichemshe majani yenyewe nikanywa?" Mimi hulipenda, maana kulijibu ni kueleza kemia bayoogania yote, yaani fani inayochunguza molekuli za kaboni zinavyofanya kazi ndani ya viumbe hai.

Mmea wenyewe ni Artemisia annua, jamii ya pakanga. Huko China, mwanasayansi Tu Youyou na wenzake waliuhangaikia bila kupata matokeo ya kuaminika, hadi aliporudia maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4. Yalisema loweka majani, kamua, kunywa maji yake. Kuchemsha hakukutajwa. Tu Youyou akahisi moto ndio unaoharibu dawa, akatumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwenye nyuzi 35 hivi tu. Oktoba 1971 dawa hiyo ikamaliza vimelea kwa panya. Mwaka 2015 akapewa Nobeli ya Tiba.

Siri imo katika atomu mbili za oksijeni zilizoshikana, zikakatiza molekuli ya artemisinini, yaani dawa yenyewe iliyomo majanini, kama kidaraja. Mshikano huo ni dhaifu. Kimelea cha malaria hula himoglobini ya damu yetu, na mabaki ya mlo huo yana madini ya chuma. Chuma kikigusa kidaraja, kidaraja hukatika. Vipande vyake vikali hurukia protini za kimelea na kuziharibu. Kwa maneno mengine, kimelea huponzwa na chakula chake chenyewe.

Shida ni kwamba artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji wala kwenye mafuta. Wanakemia wakaigeuza upande mmoja tu: wakipachika kipande kimoja wanapata artemetha, inayokubali mafuta, wakipachika kingine, artesuneti, sindano ya malaria kali. Ustadi wote ni kubadilisha pembeni bila kugusa kidaraja.

Mwaka 2006 kundi la Jay Keasling, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilitangaza hamira iliyobadilishwa vinasaba ikatengeneza asidi ya artemisiniki, malighafi ya artemisinini. Fikiria, ndugu wa hamira ya maandazi! Hata hivyo hamira haikuweza kuweka kidaraja. Hiyo ikabaki kazi ya kemia, na baadaye kiwanda kikatumia mwanga na oksijeni.

Turudi kwa muulizaji. Kiasi cha dawa kwenye majani hubadilika kwa mbegu, udongo na wakati wa kuvuna, na kikombe cha chai hakikuambii umekunywa kiasi gani. Dozi pungufu huacha vimelea hai, na Rwanda, Uganda na mkoani Kagera tayari wamepatikana vimelea wenye mabadiliko ya vinasaba yanayowafanya wachelewe kufa kwa dawa hii.

Ndiyo maana kidonge ni cha mseto, yaani dawa mbili pamoja: artemetha na lumefantrini. Artemetha huua haraka lakini hutoka mwilini kwa saa chache. Lumefantrini hubaki siku kadhaa ikimalizia. Lumefantrini nayo hupenda mafuta, kwa hiyo chai kavu haitoshi: kunywa maziwa, au kula chochote kilichoungwa. Mtu mzima humeza vidonge 24, vinne kila mara, mara sita ndani ya siku tatu. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza. Hapa huwa narudia mara mbili: ni muda wa saa 8, si saa nane mchana.